Hita ya kempa: feni yazunguka, moto hauwaki

Wakuu, kempa (gari letu la kulala safarini) imekaa Nyali miezi minane, na mwezi wa saba twapanda Nyahururu. Hita ya propani: feni yazunguka, spaki haisikiki. Nianzie wapi?

— Pima betri feni ikizunguka, si ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya volti 11 hivi, feni hulegea, upepo haukisukumi kibati cha swichi inayohisi upepo, na bodi (saketi inayoongoza hita) hainyimi spaki tu, hata gesi haiachilii. Wengi hununua bodi mpya bure hapo. Kisha chumvi yetu ya pwani: vichwa vya waya visugue hadi ving'ae.

— Ami, na nyigu je? Hujenga ndani ya bomba la moshi. Funga mtungi, chomoa betri, toa bana (kichomea gesi), puliza. Tundu la gesi usilichokoe kwa waya: likipanuka, moto huwa wa njano na masizi. Ukirudisha, paka viungo maji ya sabuni. Povu likitoka, usiwashe.

— Mtungi wenye butani nyingi hugoma karibu na 0°C; propani hustahimili hadi -42. Na king'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu), tafadhali. Cha moshi hakitoshi.