Mrejesho: Potifolio yangu (mkusanyiko wa michoro yangu) na usaili wa chuo cha sanaa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama nipeleke kazi zangu zote 34 kwenye usaili wa chuo cha sanaa au nichuje. Wengi mlisema nichuje bila huruma. Nikachuja, zikabaki 15.

Kilichoniuma ni kuzitoa sura za watu maarufu nilizonakili kutoka kwenye picha za simu. Moja ilinila wiki tatu! Ila mlisema kweli: kunakili picha kunaonyesha mkono uliotulia, hakuonyeshi jicho. Nikaweka michoro ya mkaa ya vitu nilivyovitazama mwenyewe: mkono wangu wa kushoto, viatu vya baba, kiti kilichovunjika mguu.

Siku yenyewe jopo walizipitia kazi kubwa harakaharaka, kisha wakang'ang'ania daftari la michoro, ambalo nusura niliache nyumbani kwa aibu. Zile kurasa za kufutafuta na kurudia ndizo walizoulizia. "Hapa kwa nini ulihamisha kivuli?" Nilibabaika kwanza, halafu nikasema ukweli kwamba kiti kilionekana kinaelea. Wakaandika kitu.

Aibu yangu: mkaa sikuupulizia dawa ya kuushikisha kwenye karatasi, ukachafua mchoro uliopakana nao na vidole vya msaili mmoja. Yule aliyeniambia nitenganishe kazi kwa karatasi laini, nisamehe, nilikupuuza.

Majibu yametoka jana. Nimepata nafasi.