Kihispania ya kusikiliza tu, mutu anaweza kufika mbali?

Fundi_Kadutu
Jambo bandugu. Mi niko Bukavu, nashona nguo pale Kadutu, na shangazi yangu anakaa Malabo, Guinea ya Ikweta, ameniita niende kutafuta kazi kule, anasema Kifaransa iko ku makaratasi ya serikali lakini sokoni na ku kazi ni Kihispania ndo inasemwa. Basi rafiki akanipa masomo ya sauti, nusu saa nusu saa, nimeyaweka ku memori kadi nisimalize mega, nasikiliza nikiwa ku mashini na ekuteri sikio moja. Sasa niko somo ya 12. Shida iko hivi, ndani ya somo najibu bila shida, lakini juzi shangazi alinipigia akaniuliza niko na miaka ngapi, nikachungulia kijitabu yenye naandikaka maneno, nikamuambia kifua mbele "tengo veintiocho anos". Akanyamaza. Kisha akacheka mpaka simu ikakatika. Amekataa kuniambia nilisema nini, eti yeye ni shangazi hawezi kutaja. Nilisema nini?? Na haya masomo ya kusikiliza yanatosha ama nitafute mwalimu, juu pesa ya mwalimu sina.

Mama_Nyawera
Pole mwanangu 😂😂 Año yenye kimustari juu ya n ni mwaka. Ukitoa kimustari inabaki ano, na hiyo ni ile tundu ya nyuma yenye hatutaji mbele ya bakubwa. Umemuambia shangazi uko nazo 28.
Kosa si ya masomo, ni ya kijitabu. Sikio ilisikia "anyos" vizuri, mukono ukaandika n tupu, jicho ikakudanganya. Wewe andika na Kiswahili yako: anyo, manyana, senyora. Quiero andika kiero. Hola andika ola, h yao haisemwi, na sisi huku tunasema "apa" na "uyu" tangu zamani, umeshaizoea. Trabajo andika trabaho, lakini hiyo h itoke kooni kama mutu amekwamwa na mufupa ya samaki ya sambaza. Vokali ni zetu zile zile tano, hapo Mfaransa ndo anateseka.

Wa_Goma_zamani
Mi nilijifunza ku barabara, wakati batayo ya Uruguay ya Umoja wa Mataifa ilikuwa Goma nilikuwa nauza ndizi na makadi ya yinite ya simu karibu na kambi yao. Kuja kusikiliza masomo ya sauti nyuma, nasikia mwalimu anasema "me yamo", mi nilizoea "me shamo", nikafikiri mwalimu ndo hajui. Kumbe ni me llamo, "naitwa", ile ll watu wa Uruguay na Argentina wanaisema sh, na tena "wewe" hawasemi tú, wanasema vos. Malabo ilitawaliwa na Hispania mpaka 12 Oktoba 1968, kwa hiyo usinifuate mi, fuata hiyo sauti yako.
Chunga l na r!! Sisi wa huku tunazichanganya na hakuna mutu anakasirika, lakini kule pero ni "lakini", perro yenye ulimi unatetemeka ni mbwa, pelo ni nywele. Siku moja nikasifia mbwa ya sajenti mumoja, "lindo pelo, lindo pelo", lindo ni nzuri, na sajenti mwenyewe alikuwa na upara.

Kaka_wa_Lushi
Fundi, unajibu mbele mwalimu hajasema jibu, ama nyuma yake? Ukijibu nyuma unaiga tu kama kasuku, ndo maana neno linakimbia ukikutana na mutu wa kweli. Simamisha sauti, sema kwa nguvu hata bakliyenti bakuone kichaa, kisha achilia usikie kama umepata. Kuna Mmarekani Paul Pimsleur, mwaka 1967 alipanga ratiba, neno jipya ulikumbuke baada ya sekunde 5, kisha 25, dakika 2, dakika 10, saa moja, saa 5, siku moja, siku 5, inaendelea hivyo. Sasa angalia, nusu saa ya somo inafunika zile za kwanza tu, ya saa 5 na ya kesho ni kazi yako weye. Usifungue somo ya 13 kama ya 12 haujairudilia mangaribi na asubuhi.
Halafu Kifaransa itakutega. Entender si kusikia, ni kuelewa. Salir si kuchafua, ni kutoka. Na mwanamuke akikuambia "estoy embarazada" hana haya, ana mimba. Lakini tengo hambre, niko na njaa, hapo Kiswahili yetu inaingia yote.

Fundi_Kadutu
Kumbe nazo 28 😭 Aksanti bakubwa. Na soy na estoy? Mi zote nasikia "niko".

Mama_Nyawera
Soy ni vile uko: soy sastre, mi ni fundi wa nguo, soy de Bukavu, mi ni wa Bukavu. Estoy ni fasi uko na gisi unajisikia, estoy en Kadutu, niko Kadutu, estoy cansado, nimechoka. Ila mufu naye wanamuwekea estar, ile yenye inazaa estoy, está muerto, amekufa, utasema anaweza kubadilika kesho. Usiniulize juu ya nini.

Fundi_Kadutu
Nimempigia shangazi leo. Nikasema veintiocho anyos, polepole. Akajibu kitu ndefuuu, nimekamata tu "manyana". Nafikiri atanipigia kesho, ama asubuhi, masomo yanasema ni neno moja.