Magazeti ya London na karanga za Kongwa

MjukuuWaFundi: Wadau, marehemu babu alitoka Nairobi mwaka 1947 akaenda Kongwa, Tanganyika, kutengeneza matrekta ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Spana yake moja iko kwetu Kariobangi hadi leo, tunafungulia mtungi wa gesi. Sasa nasoma magazeti ya London ya miaka ile: mwanzoni sifa tupu, baadaye kejeli tupu. Mbona yaligeuka hivyo?

MzeeWaPangani: Kijana, usianzie shambani, anzia jikoni kwao. Vita vimeisha, lakini Mwingereza bado anapimiwa majarini kwa kadi. Serikali ya chama cha Labour inamwahidi mafuta kutoka ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Mhariri gani angeikataa habari hiyo?

Kisha mashine zikafika: matrekta chakavu ya vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa vya kufyekea. Mizizi ya vichaka ikazinasa. Mibuyu, usiniulize. Jua likiwaka, udongo wa Kongwa unakuwa kama saruji. Karanga ziko chini na hazing'oki. Magazeti yaliyoichukia Labour yakapata fimbo ya kumchapia Strachey, waziri wa chakula. Januari 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 za walipa kodi zimepotea.

Kejeli hazinishangazi. Kinachoniudhi ni kwamba aliyesifu na aliyecheka wote walikuwa wakihesabu pauni. Pale ni Ugogo! Mchunga ng'ombe yeyote angewaambia mvua ya huko ni ya kubahatisha, tena bure, bila kamati.

Wanja_K: Mzee, nakubali, ila bila kelele za magazeti huenda wangemwaga pesa miaka mingine kumi. Mjukuu, umetafuta habari za mgomo? Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na moto ule ukafuata reli mpaka Kongwa. Babu hakuwahi kuutaja?

MzeeWaPangani: Wanja, hapo umegusa penyewe. Mjukuu, muulize mama yako.

MjukuuWaFundi: Nimempigia sasa hivi. Anasema babu alirudi kabla ya Krismasi mwaka huohuo, na kila akiulizwa alijibu "kazi iliisha." Kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kesho narudi jengo la Nyaraka, Moi Avenue.