Ajali moja, mzee wa miaka 71 na kijana wa 23: mbona mzee ndiye anazidiwa?

Binti wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, chaji imebaki kidogo, mnivumilie nikikatisha.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku tisa zilizopita baba yangu, miaka 71, na kitinda mimba wetu, miaka 23, walikuwa kwenye bajaji wakitoka Kisesa kuja Igoma. Fuso likawagonga kwa nyuma, bajaji ikaingia mtaroni. Dereva wao alitoka na michubuko tu, namshukuru Mungu.

Mdogo wangu kwa macho aliumia vibaya mno. Paja la kulia limevunjika katikati, na muundi wa mguu huohuo mfupa umetoboa ngozi. Niliuona mwenyewe, mweupe, na kipande cha jinzi kimenasa pembeni. Ultrasaundi ikaonyesha bandama imechanika kidogo. Kila mtu alimkimbilia yeye, hata mimi. Mzee akabaki kwenye machela ukutani, hana hata tone la damu, anasema kwa sauti ndogo, "Mshughulikieni mtoto." Walimpima, presha 112 kwa 70, mapigo 78, wakasema mzee yuko vizuri, asubiri. Jina la hospitali silitaji. Alisubiri kwa muda wa karibu saa nne. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, ndipo nikaanza kupiga kelele. Eksirei ikaonyesha amevunjika mbavu tano za kushoto, shingo ya paja la kushoto, pale kwenye nyonga, na mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja.

Leo mdogo wangu amewekewa vyuma vya nje vinavyotokeza mguuni kama antena, anakula ugali na sangara, anauliza simu yake iko wapi. Mzee anapumua juujuu, hataki kukohoa. Tangu juzi usiku amechanganyikiwa. Anadonoadonoa shuka kwa vidole, polepole, kama mtu anayetoa mchanga kwenye dagaa. Anamwita nesi kwa jina la marehemu mama. Ananiuliza kama ng'ombe wameingia zizini, na sisi hatuna ng'ombe tangu 2009.

Inakuwaje aliyetoka mfupa nje yuko mbele ya asiyetoka damu? Na usiku huu nifanye nini?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana mdogo wangu. Kwanza la usiku huu, maelezo baadaye. Nenda kwa nesi wa zamu sasa hivi, mwambie mzee amechanganyikiwa ghafla na anapumua juujuu, umwombe ampime oksijeni kwa kile kibanio cha kidoleni, na daktari aitwe. Mzee aliyevunjika mbavu akichanganyikiwa, mara nyingi ni hewa haitoshi, au nimonia imeanza, au maumivu, au mkojo umemziba. Si wazimu, wala si uzee umemrukia kwa siku moja. Usikubali kuambiwa "wazee ndivyo walivyo".

Umerudi? Sasa swali lako.

Kuna namna ya kupima ukubwa wa majeraha iliyotungwa mwaka 1974 na Susan Baker na wenzake huko Marekani. Kila jeraha linapewa alama 1 hadi 6, kisha unachukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, kila moja alama yake kubwa kuliko zote, unazizidisha kwa zenyewe na kujumlisha. Ikizidi 15 ni majeruhi mkubwa. Kwa ulivyoeleza, mdogo wako: paja lina 3, kwa hiyo 9. Muundi hauongezi kitu, kwa sababu uko sehemu ileile moja, ya mikono na miguu. Bandama ndogo 2, inakuwa 4. Mikwaruzo 1. Jumla 14. Baba yako: mbavu tano zina 3, inakuwa 9, shingo ya paja ina 3, inakuwa 9 nyingine. Jumla 18. Dada, tangu pale mapokezi mzee wako ndiye alikuwa majeruhi mkubwa. Na hapo umri bado haujahesabiwa! Wataalamu walioandika upya maana ya majeruhi wa sehemu nyingi mwaka 2014 waliweka miaka 70 na kuendelea kuwa dalili ya hatari yenyewe, sambamba na presha kushuka na kupoteza fahamu.

Niulize kitu: baba anatumia dawa za presha? Na kawaida presha yake ni ngapi?

Binti wa Mwaloni

Anatumia atenolo. Kliniki huwa wanaandika 165, 170. Nimerudi, oksijeni ilikuwa 86. Wamemwekea hewa ya puani, daktari anakuja.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Afadhali umeenda. Basi 112 haikuwa presha nzuri kwake, alikuwa ameshashuka. Kwa kijana tunashtuka ikiwa chini ya 90. Kwa aliyevuka 65 tahadhari inaanzia 110. Na atenolo inauzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo hata angekuwa anavuja damu ndani, mapigo yangebaki hayohayo 78. Mwili wa kijana unapiga kelele. Wa mzee unanyamaza pamoja naye, hasa akiwa baba wa kusema "mshughulikieni mtoto". Linaniuma kila nikilikuta.

Ndiyo maana hata mivunjiko yao haifanani. Mfupa wa kijana ni mgumu, ukivunjika ujue nguvu ilikuwa kubwa, ndiyo unaona paja katikati na muundi kutoboa ngozi. Wa mzee umekonda kwa ndani, unaachia kwenye nyonga, mbavu, mkono karibu na kiganja, bega, wakati mwingine shingo. Utafiti wa Seattle, Marekani, wa mwaka 2000 uliangalia waliovunjika mbavu wakiwa na miaka 65 na zaidi: kila ubavu mmoja ulioongezeka, hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 19 na ya nimonia kwa asilimia 27. Baba anazo tano.

Kesho omba apewe dawa ya maumivu kwanza, nusu saa kabla ya mazoezi ya kupumua. Mwinueni kitanda upande wa kichwa. Akikohoa, akumbatie mto upande wa mbavu. Akirudiwa na akili, tafuta chupa ya maji iliyojaa nusu na mrija, apulize mapovu mara kumi kila saa akiwa macho. Simama naye, asivute maji. Mletee miwani yake, mwambie leo ni siku gani.

Mzee wa Magu

Binti, pole. Sisi huku tuna mtaalamu wa kuunga mifupa, baba yake aliunga mpaka miguu ya ng'ombe. Mtoe kijana huko kwenye vyuma, wiki sita anatembea.

Paja la Kushoto

Mzee shikamoo. Kwa heshima, hapana. Nilikuwa bodaboda Nyakato, nikavunjika paja na muundi kama huyo kijana, ndugu zangu wakanitoa wodini siku ya kumi na mbili. Mfupa uliotoka nje una udongo wa mtaroni ndani yake. Nilikaa miaka mitatu natoka usaha kwenye tundu dogo kama la sindano, kila asubuhi nakamulia kwenye kitambaa. Dada, vyuma vya nje si matibabu ya mwisho, wakiona kidonda kimetulia watamwekea msumari wa chuma ndani ya mfupa. Asivute sigara. Na wewe usimsahau kwa kuwa anakula na kucheka. Mimi nilicheka wodini vilevile.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante Paja. Dada, kwa baba uliza operesheni ya nyonga ni lini, uliza kila siku. Kwa mzee operesheni ile ni ya kumtoa kitandani, maana kulala ndiko kunakoleta vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni na nimonia nyingine.

Binti wa Mwaloni

Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Ilikuwa nimonia kweli. Amechomwa sindano za antibiotiki, jana wamemtoa hewa ya puani. Operesheni ni Ijumaa, wanataka chupa mbili za damu, binamu zangu wanatoka Sengerema kesho asubuhi. Mzee wa Magu, nimekusikia na sijachukia, ila kijana habanduki hapa.

Leo asubuhi baba kaniangalia, akauliza mbona sijaenda Mwaloni, leo si Jumatano? Ni Jumatano kweli. Nikatoka nje kidogo.

Mapovu anapuliza kumi na mbili sasa. Ila mrija wa juisi ameutafuna mpaka umepasuka. Nesi, mpira wa dripu nikiukata unafaa?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ule ni mwembamba, utamchosha kupuliza. Omba mpira mpana zaidi, tena mpya, usichukue uliotumika. Kata wa urefu wa mkono wako, kiganja mpaka kiwiko.