Nataka bastola moja ya kazini na ya kuficha kiunoni, niangalie nini?

Mashoto

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni mlinzi. Kibali ninacho na mafunzo ya awali nimemaliza. Kazini navaa sare, bastola iko nje kiunoni na kila mtu anaiona. Nikitoka kazini ninaruhusiwa kuwa nayo, ila isionekane. Uwezo wangu ni bastola moja tu, si mbili.

Nimeuliza watu mpaka nimechanganyikiwa. Huyu anasema chukua yenye sefti ya nje, kile kitufe cha usalama kinachozuia bastola isipige, yule anasema hiyo sefti itanicheleweshea siku ya siku. Kwenye saizi ya risasi, huyu .45, yule 9mm ambayo ni nyembamba zaidi. Mimi natumia mkono wa kushoto na vidole vyangu ni vifupi. Hii niliyoazimwa kazini ina kishikio kinene: nikiishika vizuri, kidole kinaishia ubavuni mwa triga. Nikilazimisha kifike, mkono unazunguka na risasi zote zinakimbilia kulia.

Nianze kuangalia nini?

Sajini Mstaafu

Kijana wangu, jibu umeshajiandikia mwenyewe. Kidole hakifiki. Hayo mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Ukienda kununua, fanya hivi. Chomoa magazini (kile kibebeo cha risasi), vuta nyuma slaidi (chuma cha juu kinachoteleza), tazama kwa macho chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kisha ipapase kwa ncha ya kidole. Ukishaona ni tupu, elekeza mtutu mahali salama na uishike kama unataka kupiga, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Sasa weka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ikikaa pale bila mkono kuhama, endelea nayo. Isipokaa, irudishe, hata kama ni ya jina kubwa. Nyingi za siku hizi zina mgongo wa kishikio unaobadilishwa, mwembamba na mnene, kwa hiyo omba ujaribu kwanza ule mwembamba.

Habari ya .45 na 9mm isikunyime usingizi. Mwaka 1986 kule Miami, Marekani, majambazi wawili waliua maajenti wawili wa FBI, wapelelezi wa serikali ya huko, na kujeruhi wengine watano. Baada ya hapo FBI wakaiona 9mm ni dhaifu, wakahamia 10mm, kisha .40. Miaka ya 2010 wakarudi 9mm ile ile, kwa sababu risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa na watu wao wanalenga vizuri zaidi bastola ikirudi nyuma kwa teke dogo. Sisi wengine tumezunguka njia hiyo hiyo kwa gharama zetu.

Bi Shabaha

Shikamoo Sajini. Naongezea kwa huyu kaka upande wa kuficha.

Watu wengi hudhani kinachoonekana chini ya shati ni mtutu. Mtutu umezama ndani ya suruali, nani atauona? Kinachochomoza ni kitako cha kishikio, hasa ukiinama kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana Glock 45 (hilo ni jina tu, risasi yake ni 9mm), yenye slaidi fupi ya Glock 19 na kishikio kirefu cha Glock 17, ni tamu kazini lakini inasumbua kuificha. Glock 19 yenyewe inabeba risasi 15 na kishikio chake ni kifupi kidogo. Kwa mtu wa bastola moja, saizi hiyo ya kati ndiyo ningekwambia uanze nayo.

Usidanganyike na vile vidogo kabisa. SIG P365 ya mwaka 2018 ilishangaza watu kwa kubeba risasi 10 kwenye mwili mdogo vile, na mimi ninayo. Lakini ukipiga risasi mia moja mfululizo kiganja kinawaka moto, na bastola inayokuumiza hutaifanyia mazoezi.

Kichwa Ngumu

Sefti ya nje ni ya waoga. Sefti ni kidole chako. Mjadala umefungwa.

Sajini Mstaafu

Haujafungwa, mdogo wangu. Mimi nilikuwa na kidole chenye adabu kama chako. Jioni moja narudisha bastola kwenye kifuko, macho yako kwingine, pindo la shati likaingia nayo na kukaa mbele ya triga. Nikasukuma. Risasi ilipita pembeni ya paja ikatoboa sakafu. Kidole changu kilikuwa nje kabisa, kimenyooka.

Sisemi kila mtu anunue yenye sefti. Kwa mashoto kuna tatizo lake: sefti nyingi ziko ubavu wa kushoto tu, zimetengenezewa dole gumba la mkono wa kulia. Kama haina kitufe pande zote mbili, aiache. Kifuko kiwe kigumu, kifunike triga yote, mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Na wakati wa kurudisha, tazama. Hakuna anayekukimbiza.

Kifuko cha kazini kiwe na kufuli lake, maana ukiwa na sare mtu anaweza kukuvamia akainyakua. Ulizia kifuko cha aina hiyo, cha mkono wa kushoto, kabla ya kulipia bastola.

Mashoto

Nashukuru sana, Sajini. Nimeshika Beretta 92 ya rafiki, triga yake ya kwanza nzito kama kuvuta jiwe, ya pili laini. Ni mbovu?

Bi Shabaha

Si mbovu, ndivyo ilivyoundwa. Mvuto wa kwanza ndio unaoinua nyundo, kwa hiyo ni mrefu na mzito. Baada ya hapo slaidi inaikoki yenyewe. Wengine wanaupenda ule uzito kama sefti ya asili. Kwa vidole vyako vifupi, huo mvuto wa kwanza ndio utakaokutesa.

Halafu, vilengeo vya tritiamu, gesi ya mionzi inayovifanya ving'ae gizani, ni vizuri, ila nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ukinunua iliyotumika angalia tarehe. Na ya kiunoni inakunywa jasho: kila wiki ifute na kafuta kidogo.

Mashoto

Mrejesho, wakuu. Nimeshika nne. Tatu kidole hakikufika. Ya nne, ya saizi ya kati, nilipoweka mgongo mwembamba kikakaa palepale, na kitufe cha magazini kinahamishika upande wangu. Kifuko cha shoto chenye kufuli kipo.

Muuzaji, mzee mmoja mpole, akaikagua mara mbili kuwa ni tupu, akaweka sarafu juu ya kilengeo cha mbele na kuniambia nielekeze ukutani na kuvuta triga bila kuiangusha, maana mkono ukitikisika inaanguka. Mara kumi, sarafu imeanguka saba.

Sajini Mstaafu

Inunue. Sarafu hiyo utarudi nayo nyumbani kila jioni, dakika kumi, risasi zikiwa chumba kingine.