Nataka kuihudumia gari mwenyewe, nianzie wapi?

Asalaam aleikum, mie nipo Wete, gari ikikohoa tu mbio kwa fundi, juzi kanilia pesa kumbe waya wa betri umelegea. Nijifunze nini mwanzo?

— Waaleikum salaam. Kupima oili ya injini. Egesha pahala pa sawa, zima injini ungoje kidogo, chomoa kijiti cha kupimia oili ukifute, kitie tena ukitoe, oili iwe kati ya alama mbili za kijiti. Na rejeta, ile ya maji ya kupozea injini, usiifungue ikiwa ya moto, utaungua uso!

— Huku kwetu chumvi ya bahari ndo adui, vichwa vya betri vinaota unga. Fungua waya wa hasi (-) kwanza ndo wa chanya (+), sugua kwa brashi, paka grisi, ukifunga anza na chanya.

— Breki lakini muachie fundi, ndugu yangu.

— Shukran, kesho naanza na betri inshaallah.