Hamira ya vifuko na unga usiosema ni wa nini: nimemwaga mikate sita, nimechoka!

Wakuu, habari za jioni. Uzi wangu ni mrefu na nina hasira. Mnivumilie mpaka mwisho, kisha wanaojua waje wanijibu.

Jumapili nimemwaga mkate wa sita. Nimeutoa kwenye mashine ya kuoka mikate saa moja usiku, nikausubiri upoe, nikaukata katikati. Chini una tabaka limeshikana kama ugali uliolala, linang'aa kwa ubichi. Juu ganda limebonyea kama mto uliokaliwa. Unga gramu 400, siagi, maziwa ya unga, umeme wa saa tatu, vyote nimevipeleka kwenye pipa la taka. Ndani ya miezi miwili mikate sita imeharibika na miwili tu ndiyo iliyotoka vizuri.

Sioki ili nipige picha. Mama mkwe wangu anaishi nasi hapa Tabata, ana presha, na hospitali wamemwambia apunguze chumvi. Mama kazaliwa Pangani, na tangu utoto wake asubuhi ni mkate wa boflo na chai ya tangawizi. Ukimwekea muhogo wa kuchemsha anakula kwa kutuheshimu tu, nusu anaurudisha. Mume wangu akasema tununue mashine ya kuoka mikate ili chumvi tuipime wenyewe. Tukachanga, shilingi 280,000, tukaleta nyumbani.

Na nawajua watu wa humu, jibu la kwanza litakuwa "mashine yako ni mbovu". Mashine ni nzima. Nimekaa mbele yake na kiti tangu inaanza mpaka inalia. Inakanda, inapumzika, inakanda tena, inaliacha donge liumuke, inaoka. Inafanya kila kilichoandikwa. Tatizo ni vile ninavyoitilia ndani, na wanaoniuzia hawataki kusema ni nini.

Tuanze na hamira.

Hamira ya mikate miwili ya mwanzo nilinunua Kariakoo, duka moja la vifaa vya keki. Imefungwa kwenye vifuko vya nailoni, midomo imezibwa kwa moto wa mshumaa, vimetundikwa msumarini mlangoni, jua la saa saba linavipiga. Havina jina wala tarehe. Nikamuuliza, "Kaka, hii hamira ni ya lini?" Akanijibu, "Dada, hamira haiozi hiyo." Nikamuuliza tena, ni ya kuloweka kwanza au ya kutia moja kwa moja kwenye unga? "Zote sawa tu, dada'angu."

Si sawa! Ile ya chembe kubwa inataka kuamshwa kwanza kwenye maji vuguvugu. Ile ya chembe ndogo inaingia kavu kwenye unga. Mtu anayeoka kwa mashine lazima ajue ameshika ipi, maana kwenye mashine hamira inakaa juu ya unga mkavu, mbali na maji, mpaka mashine ianze kukanda. Na hamira ni kiumbe hai. Imekaushwa ikalala tu. Kiwandani wanaifunga kwa kuvuta hewa yote, ndiyo maana pakiti nzima ukiishika ni ngumu kama tofali. Ikishakatwa, hewa, unyevu na joto vinaanza kuiua kidogo kidogo, na joto la Dar mnalijua. Inatakiwa ifungwe vizuri na ikae kwenye friji. Huyu bwana anafungua pakiti ya nusu kilo, anaimwaga kwenye ndoo isiyo na mfuniko, anachota na kijiko, anaunguza nailoni. Nimemwona kwa macho yangu siku niliyorudi.

Kabla ya kurudi niliipima. Glasi mbili mezani, kila moja nusu ya maji vuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha hamira. Moja hamira ya kifuko, nyingine ya jirani yangu ambaye pakiti yake anaiweka kwenye friza. Maji niliyapima kwa kipimajoto, nyuzi 38. Baada ya dakika kumi glasi ya jirani ina povu nene la vidole viwili, linanukia kama togwa changa. Glasi yangu maji yametulia, hamira imekaa chini kama mchanga. Nikasubiri nusu saa. Viputo vitano. Nilivihesabu.

Nikavichukua vifuko vilivyobaki nikamrudishia. Akasema maji yangu yalikuwa ya moto, nimeiunguza mwenyewe. Hamira inakufa maji yakifika nyuzi hamsini na kitu, mimi nilitumia 38, na kutoka kwenye kikombe hichohicho nilimimina glasi ya jirani ikapanda. Hakusikiliza. Risiti hakunipa tangu mwanzo, hela hakunirudishia, na akamhudumia mteja mwingine nikiwa nimesimama palepale. Dada wa watu kanunua vifuko vinne, kasema ni vya maandazi ya biashara. Nikamwambia usinunue, imekufa hiyo. Muuzaji akanifokea nimwache afanye kazi yake.

Nikaenda duka lingine kununua pakiti iliyofungwa kiwandani, nikijua hapo nimepona. Pakiti laini, ukiibonyeza inabonyea, yaani hewa imeshaingia. Tarehe imebandikwa stika. Nikaikwangua kwa ukucha, chini yake wino wa zamani umefutwa na kitu. Niliiacha mezani kwao nikaondoka. Mkate wa tatu nikaomba hamira ya jirani, huo umeme ulikatika katikati ya kuoka, simlaumu mtu.

Sasa unga. Hapa ndipo hasira yangu iliponizidi.

Mkate wa nne, hamira nzuri, donge limeumuka mpaka linagusa kioo cha mfuniko. Nikamwita mama aje aone. Mashine ilipoanza kuoka, likashuka lote mbele yetu. Mama akaniambia "pole mwanangu", akarudi chumbani.

Unga ule nilipimiwa kwa Mangi, duka la mtaani kwetu, kutoka kwenye kiroba. Nikaenda kukisoma kiroba chenyewe. Kina picha ya chapati, andazi, keki na mkate, vyote kwenye mfuko mmoja. Jamani, mkate na keki haviwezi kutaka unga mmoja! Keki inataka unga dhaifu, wenye protini ya 8 au 9 kwa mia, ili iwe laini. Mkate unataka unga wenye nguvu, 12 hivi, kwa sababu ile protini ikikutana na maji ndiyo inayofanya utando unaovutika na kushika hewa ya hamira. Utando ukiwa dhaifu, hewa inaupasua na mkate unalala. Na mimi nimepunguza chumvi kwa ajili ya mama, gramu 3 badala ya 8. Chumvi ndiyo breki ya hamira, na ndiyo inayoukaza ule utando. Ukiipunguza, tena jikoni penye joto la nyuzi 31, donge linaumuka mbio kupita kiasi. Unga wangu ndio unatakiwa uwe imara kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Basi nikaamua kuupima mwenyewe, na nawaomba mfanye hivi majumbani mwenu. Nikachukua unga gramu 100 kwenye mizani, maji mililita 60, nikakanda kidonge, nikakiacha nusu saa kwenye bakuli la maji. Kisha nikakikamua taratibu chini ya bomba, ndani ya chujio. Maji yanatoka meupe kama tui, ile ni wanga. Endelea mpaka maji yatoke safi. Kinachobaki mkononi ni kitu cha rangi ya kijivu, chenye utelezi, kinachovutika. Hiyo ndiyo nguvu ya unga wako.

Unga wa kwa Mangi ulinibakishia gramu 21, na nikiuvuta unakatika. Nikanunua mfuko wa kilo mbili wa jina jingine, gramu 32, unavutika kama bigijii mpaka naona mwanga upande wa pili. Kwa mfuko huo nilioka ile mikate miwili iliyotoka vizuri. Imepanda, imeshika, ukikata slesi haivunjiki. Mama alikula vipande vitatu bila siagi, akauliza kesho tunaoka tena?

Mwezi uliofuata nikanunua mfuko wa jina lilelile, rangi ileile, duka lilelile, nikaamini. Huo ndio mkate wa Jumapili. Nikauosha unga usiku uleule. Gramu 24.

Ngano nyingi tunayokula nchini inatoka nje kwa meli. Yetu ya Hanang, Karatu na West Kilimanjaro haitoshi. Wenye vinu wanachanganya ngano za asili mbalimbali, na leo mchanganyiko huu, kesho ule. Hilo silikatai, ni biashara. Lakini ukibadilisha kilichomo, niambie! Gramu za protini kwa kila gramu 100 ni mstari mmoja tu wa kuandika. Mifuko mingine ina mstari huo, mingi niliyoishika haina. Nilimuuliza muuza unga wa jumla protini ya kiroba chake, akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Basi tuulizeni, sote.

Mkate wa tano sijausahau. Kuna kundi la WhatsApp la mapishi, nililipa shilingi 10,000 nikatumiwa "resipi ya siri ya mkate wa mashine". Unga vikombe vitatu, hamira kijiko, maji kiasi. Kikombe cha nani? Cha Wamarekani ni mililita 240, vingine 250, kikombe changu cha chai nimekipima kina 310. Na hata ukiwa nacho kile chenyewe cha kipimo, unga ukiupakua kwa kijiko unapata gramu 120, ukizamisha kikombe kwenye mfuko unapata 150. Kwa vikombe vitatu tofauti inafika gramu 90, na hiyo ndiyo tofauti ya donge na uji. Halafu "maji kiasi" kwenye mashine unayoifunga na kuondoka! Nikauliza kwa adabu kundini, dada naomba vipimo kwa gramu. Nikaondolewa. Hela yangu imebaki kwake. Ni wanawake wangapi wamelipa, wameharibu, wakanyamaza wakidhani hawajui kuoka?

Kwa hiyo naiweka yangu hapa bure, na atakayeiuza Mungu anamwona. Unga wa nguvu gramu 400. Maji ya friji mililita 250, narudia ya friji, maana mashine nayo inatia joto wakati wa kukanda. Sukari gramu 15, siagi gramu 15, maziwa ya unga kijiko kikubwa kimoja. Chumvi gramu 3 kwa mwenye presha, 8 kwa wengine. Hamira ya chembe ndogo gramu 4. Maji na siagi vitangulie chini, unga uyafunike, chumvi pembeni, hamira juu katikati kwenye kishimo. Baada ya dakika kumi za kukanda fungua mfuniko uangalie, haina shida. Donge liwe mviringo, liguse kidole bila kuganda. Likitapakaa ongeza unga kijiko kimoja kimoja, likigonga kuta kama jiwe ongeza maji kijiko. Ile saa ya kutega usiku ili uamke na mkate msiitumie kwenye joto letu, donge linachacha kabla ya alfajiri.

Chakula kilichofungwa kinatakiwa kiwe na jina, aliyekitengeneza na tarehe ya mwisho. Kazi ya usalama wa chakula iko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, ilipotoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kifuko kimoja sikumrudishia yule bwana, ninacho, na wiki hii nakipeleka ofisini kwao pamoja na picha za glasi zangu mbili. Mwenye kifuko cha namna hiyo nyumbani asikitupe. Kipige picha, andika siku na mtaa ulipokinunua, na wewe upeleke.

Ninachoomba kwenu, walioko Dar, nitajieni mtaa ambao pakiti za hamira ni ngumu kama tofali na tarehe zake hazijaguswa. Na mwenye kuosha unga aweke hapa gramu zake, jina la mfuko na mwezi alionunua, tupate orodha yetu wenyewe.

Hamira ya jirani imebaki vijiko viwili. Kesho asubuhi narudi Kariakoo na glasi moja, sukari kwenye kikaratasi na chupa ya chai yenye maji vuguvugu. Popote nitakaponunua nitaipima palepale mezani, dakika kumi, kabla sijatoa hela. Asiyetaka nipime, simpi.